Kabureta Kubwa Haitibu Injini Iliyochoka

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua ili nijadili jibu lililotolewa hivi karibuni katika safu ya magari ya gazeti lako. Msomaji kutoka Karatu alieleza kwamba Land Rover yake ya petroli, ile yenye injini ya cc 2,286, hupanda kwa taabu mlima wa kutoka Mto wa Mbu, hutoa moshi mweusi na hunywa mafuta kupita kiasi. Aliyemjibu alimshauri aondoe kabureta (kifaa kinachochanganya petroli na hewa) na manifoldi (mabomba yanayopeleka mchanganyiko huo kwenye silinda) zilizotoka kiwandani, atafute manifoldi ya kubebea kabureta mbili za Weber 45 DCOE, na kwamba hapo injini itapata pumzi. Sina shaka kwamba ushauri ule ulitolewa kwa nia njema. Hata hivyo, msomaji akiufuata atatumia fedha nyingi kununua ugonjwa mwingine juu ya ule alionao, na mlima ule utamshinda kabisa.

Nimeshika spana mkoani Arusha tangu ujanani, na sehemu kubwa ya kazi yangu imekuwa hizi injini za Land Rover, Peugeot na Volkswagen za miaka ya sitini na sabini, ambazo zamani zilikuwa gari za kazi tu na sasa watu wanazitunza kama urithi. Ninalotaka kusema ni moja: kabureta na manifoldi huchaguliwa kwa kuangalia injini inavuta hewa kiasi gani, kwa mizunguko mingapi, na katika mwinuko gani kutoka usawa wa bahari. Upana wa mdomo na umaarufu wa jina havimo katika hesabu hiyo.

Kabureta haimwagi petroli, petroli huvutwa. Pistoni inaposhuka na valvu ya kuingiza ikiwa wazi, hewa ya nje hukimbilia ndani kupitia kabureta, na inapofika mahali palipobanwa, ambapo sisi mafundi hupaita koo, hulazimika kuongeza mwendo. Penye mwendo mkubwa shinikizo la hewa hupungua, na kwa kuwa petroli iliyo kwenye bakuli la boya bado inakandamizwa na hewa ya kawaida, hupanda kupitia jeti, yaani kitundu kidogo kinachopima petroli, na kutokea katikati ya koo, ambako upepo huipasua ikawa ukungu. Koo likiwa jembamba mno, injini hubanwa inapozunguka kwa kasi kubwa. Likiwa pana mno, hewa hupita polepole wakati mizunguko ni michache, mvuto huwa hafifu, na petroli hutoka kwa matone yanayonata kwenye kuta za manifoldi na kufika kwenye silinda yakiwa bado majimaji. Dereva atakayekanyaga mafuta ataona gari limezubaa. Atakanyaga zaidi, kipepeo, yaani kisahani kinachofungua njia ya hewa dereva anapokanyaga, kitafunguka chote, mvuto uliobaki utakufa, na injini itaanza kumisi katikati ya kona, lori likiwa nyuma yake linapiga honi.

Tufanye hesabu, maana si ngumu. Injini ya mipigo minne hujaza silinda zake zote mara moja katika kila mizunguko miwili. Kwa hiyo injini ya lita 2.286 inayozunguka mara 4,000 kwa dakika ingevuta lita 4,572 za hewa kwa dakika kama silinda zingejaa kabisa, jambo ambalo halitokei. Kwa injini ya zamani ya aina hii tukikadiria ujazo wa asilimia 80, tunapata lita kama 3,700. Hicho ndicho kiwango cha juu, dereva akiwa amekanyaga mpaka chini barabara ya tambarare. Kwenye mlima, ambako hushikilia mizunguko 2,000 au zaidi kidogo, kinachohitajika ni karibu nusu yake. Waliobuni injini hii, iliyoanza kufungwa kwenye Land Rover ya Series II mwaka 1958, walitaka ivute mzigo ikiwa inazunguka taratibu: nguvu yake kubwa ya kuvuta hupatikana kwenye mizunguko 2,500 hivi, na baada ya kupita 4,000 kidogo haina tena cha kutoa. Kemshafti yake, valvu zake na njia za hewa kwenye silinda hedi vyote vimepimwa kwa kazi hiyo.

Sasa angalia kilichopendekezwa. Zenith 36 IV, kabureta iliyofungwa kwenye nyingi ya injini hizi, ina mdomo mmoja wa milimita 36 penye kipepeo, na silinda zote nne huupokezana, kila moja kwa zamu yake. Kabureta mbili za 45 DCOE zina midomo minne ya milimita 45, na kila silinda inapewa wake peke yake. Ukilinganisha mdomo kwa mdomo, eneo limeongezeka kwa zaidi ya nusu, na mdomo uliokuwa ukihudumia silinda nne sasa unahudumia moja. Anayezifahamu Weber za mlalo kama hizi atanikumbusha kwamba ndani yake koo ni kipande kinachochomoleka, na kwamba unaweza kuweka koo dogo hata kwenye mdomo mkubwa. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo ubora wake ulipo. Lakini mtu akishafika hapo atakuwa amenunua kabureta mbili za bei kubwa, manifoldi ya kuagiza, makoo manne madogo, na jeti nne za kila aina, ili arudi karibu na pale alipoanzia, huku akibakiwa na kazi ya kusawazisha vipepeo vya kabureta mbili kila anapofanya sevisi.

Kosa hili si la kwetu peke yetu. Marekani, ambako kuuza manifoldi na kabureta za kubadilisha kumekuwa biashara kubwa kwa miongo mingi, watu wamelifanya tangu zamani na injini zao za V8, yaani za silinda nane. Wao hupima kabureta kwa futi za ujazo za hewa kwa dakika. Injini ya Chevrolet ya inchi za ujazo 350, ambayo ni lita 5.7, ikizunguka mara 5,500 kwa dakika kwa ujazo wa asilimia 85, inahitaji futi 475 hivi. Hata ikijaa asilimia mia, haifiki 560. Kabureta ya futi 600 inaitosha na kubaki. Hata hivyo wengi hununua ya 750 kwa sababu namba ni kubwa, kisha wanashangaa kwa nini gari halitulii kwenye sailensa, yaani injini ikizunguka bila kukanyagwa mafuta, na kwa nini plagi zinakuwa nyeusi. Tena kuna mtego katika namba hizo zenyewe: kabureta za makoo manne hupimwa chini ya mvuto wa inchi 1.5 za zebaki, na za makoo mawili hupimwa chini ya inchi 3, kwa hiyo futi 500 za kabureta ya makoo mawili ni sawa na futi 354 tu kwa kipimo cha ile ya manne. Anayelinganisha karatasi mbili za dukani bila kulijua hilo atadanganyika akiwa macho wazi.

Kuhusu manifoldi, ambayo jibu la safu ile liliitaja kama bomba la kushikilia kabureta tu, naomba nieleze kidogo zaidi, kwa sababu ndiyo inayosahaulika. Manifoldi hugawa mchanganyiko kwa silinda, huamua hewa isafiri umbali gani kabla ya kufika kwenye valvu, na huupa mchanganyiko joto. Njia ndefu na nyembamba huiweka hewa katika mwendo hata mizunguko ikiwa michache, hivyo hufaa gari la kuvuta. Njia fupi na pana hufaa injini inayoishi kwenye mizunguko ya juu. Wamarekani wana manifoldi za V8 za aina mbili kwa sababu hiyo hiyo. Moja ina sakafu mbili zilizotenganishwa, kila moja ikilisha silinda nne zinazopishana katika mpangilio wa kuwaka, na hiyo ndiyo ya gari la barabarani. Nyingine ina chumba kimoja kipana kinacholisha silinda zote, na hiyo ni ya mashindano.

Suala la joto ndilo linalonifanya niwaombe watu wasiing'oe manifoldi ya Land Rover bila kufikiri. Manifoldi ya kuingiza na ile ya ekzosi ziko upande mmoja wa injini, na zimefungwa pamoja kwa boliti katikati, chini kabisa ya kabureta, ili joto la moshi lipashe sakafu ambayo petroli isiyopasuka vizuri huangukia. Tone likianguka pale hugeuka mvuke na kuendelea na safari. Volkswagen ya kobe ina mpango wa aina hiyo kwa njia nyingine: kabureta moja iko katikati na silinda ziko mbali pembeni, kwa hiyo wakapitisha bomba jembamba la moshi chini ya manifoldi ili kuipasha moto. Bomba hilo likizibwa na masizi, na huzibwa sana, gari husitasita asubuhi, na wamiliki hubadilisha kabureta mara mbili mara tatu kabla ya mtu yeyote kufikiria kushika bomba kwa kidole na kugundua kwamba ni la baridi. Kwenye nyanda zetu za baridi na unyevu, kama Mufindi au Limuru, uvukizaji wa petroli unapopoza kabureta isiyopashwa moto barafu inaweza kujengeka ndani ya koo lenyewe, jambo ambalo mtu wa Pwani hataamini akisimuliwa.

Ukilazimika kufungua manifoldi hizi mbili za Land Rover, utaratibu wa kuzirudisha una maana. Kwanza ziunganishe zenyewe kwa zenyewe bila kukaza, kisha zifunge kwenye silinda hedi na kuzikaza hapo, halafu ndipo ukaze boliti za katikati zinazoziunganisha. Ukianza kukaza za katikati, nyuso mbili zinazokaa kwenye hedi hazitakuwa usawa mmoja, gasketi itavujisha hewa upande mmoja, na utaanza kulaumu kabureta isiyo na hatia.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo safu yenu haikuligusa hata kwa neno moja, nalo ni mwinuko. Karatu iko mita zipatazo 1,500 juu ya usawa wa bahari, Arusha mjini karibu mita 1,400, Nairobi karibu mita 1,700, na Mbeya vivyo hivyo. Katika mita 1,700 uzito wa hewa katika kila lita ni karibu asilimia 85 ya ule wa Dar es Salaam. Mambo mawili hufuata hapo. La kwanza ni kwamba injini yoyote isiyo na turbo, yaani kifaa cha kushindilia hewa kwenye silinda, hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho, yaani kama asilimia 15, kwa sababu silinda inajaa lita zile zile za hewa iliyo nyepesi zaidi, na hakuna kabureta, hata iwe na mdomo wa ndoo, itakayoifanya hewa ya Karatu iwe nzito. La pili ni kwamba kabureta hupima hewa kwa mwendo na ujazo, si kwa uzito, kwa hiyo hewa inapokuwa nyepesi petroli haipungui kwa kiasi kile kile. Kwa hesabu inayokubalika, katika mwinuko wa Nairobi mchanganyiko unazidi kwa petroli kama asilimia 9. Gari lililopangwa liendeshwe Uingereza, au lililofanyiwa sevisi Dar es Salaam kisha likapandishwa huku, litakuwa na masizi kwenye plagi, litatoa moshi mweusi, litakunywa mafuta na litakuwa zito mlimani. Naomba msomaji wa Karatu alinganishe maelezo haya na dalili alizoziandika mwenyewe.

Dawa yake ni ya bei ndogo. Kwenye Weber, namba iliyogongwa kwenye jeti ni kipenyo cha tundu kwa sehemu za mia za milimita, kwa hiyo jeti ya 125 ina tundu la milimita 1.25. Kwa kuwa petroli inayopita hutegemea eneo la tundu na si kipenyo tu, kupunguza petroli kwa asilimia 8 au 9 kunahitaji kushusha kipenyo kwa asilimia 4 hivi, yaani kutoka 125 kwenda 120. Hatua moja. Kipande cha shaba kisichofika ukubwa wa kifungo cha shati. Baada ya hapo mtu aendeshe, apande mlima, azime injini akiwa bado amekanyaga, achomoe plagi na kuziangalia: nyeusi na kavu kama chungu cha kupikia kuni maana yake petroli bado imezidi, rangi ya hudhurungi hafifu ni sawasawa, na nyeupe kama chokaa ni hatari. Kwa kuwa hewa nyepesi huungua taratibu zaidi, taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa cheche, nayo inaweza kutangulizwa digrii mbili tatu, na injini haitagonga.

Aliye na safari za mara kwa mara za kushuka Tanga au Mombasa asizidishe. Jeti iliyopangwa kwa ajili ya Karatu itaiacha injini na njaa ya petroli kwenye usawa wa bahari, ambako hewa ni nzito na jua ni kali, na injini yenye njaa huchemka na kuunguza valvu. Hapa ndipo kabureta za SU, zile za kengele juu na sindano inayopanda na kushuka, zinapopendeza, kwa sababu nati moja iliyo chini yake hurekebisha mchanganyiko wote. Ukiipandisha petroli inapungua, ukiishusha inaongezeka, na kazi hiyo hufanyika kwa dakika chache kando ya barabara. SU nayo huathirika na mwinuko kama zote. Tofauti yake ni kwamba koo lake hubadilika upana kadiri injini inavyovuta, hivyo kosa la kuchagua ukubwa halimwadhibu mtu vikali sana.

Kwa injini ya cc 2,286, basi, uchaguzi halisi uko hivi. Za mwanzo zilikuwa na Solex 40, ambayo ikiwa nzima huipa injini nguvu nzuri, lakini mhimili wa kipepeo chake huchakaa na kuanza kuvuta hewa pembeni, na kurudishia unene wa mhimili huo ni kazi ya fundi wa kerezo mwenye subira. Zenith 36 IV iliyofuata ina tatizo moja linalojulikana: kifuniko chake cha juu hupinda kwa joto au kwa kukazwa ovyo, na mpira wa duara unaoziba kati ya kifuniko na kipande cha jeti huacha kuziba, petroli ikapita pasipotakiwa. Gari linakuwa na moshi mweusi na halitulii kwenye sailensa. Nimewaona watu wakitupa kabureta nzima kwa sababu hiyo, wakati ambapo kazi yenyewe ni kubandika msasa laini juu ya kipande cha kioo cha dirisha, kusugua kifuniko kwa mzunguko wa namba nane mpaka uso wote ung'ae sawa, kuweka mpira mpya na kukaza skrubu kwa kupishana. Ukisugua kwa mara za kwanza utaona pembe zinang'aa na katikati pamebaki na rangi ya zamani. Hapo ndipo mafuta ya msomaji wetu yamekuwa yakipotelea, au angalau ndipo pa kutazama kwanza.

Anayetaka kubadilisha kabisa, Weber 34 ICH huingia kwenye manifoldi ya kiwandani kwa msaada wa adapta nyembamba. Ina mdomo mdogo kuliko Zenith, kwa hiyo kwenye mwendo wa juu gari hupoteza nguvu kidogo, lakini hutulia, huwaka kwa urahisi asubuhi na haipendi kula sana. Kwa gari la Karatu linalobeba magunia na si kukimbizana na mabasi, ni chaguo la busara. Anayetaka nguvu zaidi bila kuharibu tabia ya injini atafute Weber 32/34 DMTL, iliyofungwa kwenye Land Rover za petroli zilizokuja baadaye. Ina midomo miwili, lakini haifunguki pamoja: wa kwanza, wa milimita 32, hufanya kazi peke yake dereva anapokwenda taratibu, na wa pili, wa 34, hufunguka anapokanyaga zaidi. Tofauti hii na DCOE, ambayo vipepeo vyake viwili hufunguka pamoja kwa kila kukanyaga, ni kubwa kuliko jambo lolote lililoandikwa kwenye boksi. Ningependa safu yenu ieleze hilo kabla ya kutaja jina lolote la kabureta.

Yapo pia madogo ambayo kwa kweli si madogo. Manifoldi itakayochaguliwa iwe na tundu la kuvutia hewa ya buusta ya breki (kifaa kinachomsaidia dereva kukanyaga breki), kama gari linayo, na kabureta iwe na mahali pa bomba la kutanguliza taimingi kwenye distribyuta. Manifoldi nyingi za kila silinda na mdomo wake hutoa mvuto wa kukatakata ambao buusta haiupendi. Pampu ya petroli isisukume kupita kiasi: paundi 2 hadi 3 kwa inchi ya mraba zinatosha kabureta hizi, na pampu ya umeme inayosukuma 6 au 7 itaifungua kwa nguvu sindano ya boya na kuigharikisha injini. Adapta ikiacha ngazi kati ya tundu lake na tundu la manifoldi, hewa hujipiga hapo na petroli hudondoka, kwa hiyo ngazi hiyo ichongwe ikawa mteremko.

Halafu kuna vumbi. Picha iliyoambatana na jibu lenu ilionyesha kabureta mbili zenye tarumbeta zinazong'aa, midomo wazi, bila kichujio chochote. Land Rover ilitoka kiwandani na kichujio cha beseni la oili, kizito na kibaya kwa sura, ambacho hulazimisha hewa igeuke juu ya oili na kuacha vumbi humo. Msimu mmoja wa kiangazi katika barabara za Mbulu na midomo wazi kama ile, ringi za pistoni zitakuwa zimesagika na mwenye gari atakuwa akijadiliana bei ya ovahoo.

Ninafahamu mapenzi haya ya kabureta mbili yalikotoka. Sisi tuliokua tukizisubiri gari za Safari Rally barabarani tuliona na kusikia. Mwaka 1972, Hannu Mikkola alipokuwa dereva wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kushinda mashindano yale, alikuwa na Ford Escort RS1600, na mlio wa Weber zile ulibaki masikioni mwa vijana wengi, nikiwamo mimi. Lakini injini ile ilikuwa na valvu 16, kemshafti mbili juu ya hedi, na ilijengwa izunguke mara elfu saba na kuendelea, ikiwa na gari jepesi na mafundi wakiisubiri kila kituo. Kabureta zile zilikuwa sahihi kwa injini ile. Kuzichukua na kuzifunga kwenye injini inayoishiwa nguvu kwenye mizunguko 4,250 ni kuiga mlio bila kuwa na sababu yake.

Kabla ya kununua chochote, ningemwomba msomaji wa Karatu afanye uchunguzi huu kwa mpangilio. Arekebishe nafasi za valvu, ambazo kwa injini hii ni inchi 0.010 kwa zote. Apime kompresheni. Aangalie pointi za distribyuta na taimingi. Kisha aunganishe geji ya mvuto kwenye manifoldi injini ikiwa ya moto na ikiwa kwenye sailensa. Vitabu vitamwambia kwamba injini nzima husoma inchi 17 hadi 21 za zebaki, lakini vitabu hivyo vinazungumzia usawa wa bahari. Hupungua inchi moja hivi kwa kila futi 1,000 za mwinuko, kwa hiyo Karatu, iliyo karibu futi 5,000, akiona 12 hadi 16 na mshale umetulia, injini yake ni nzima. Nimeshuhudia gereji moja hapa mjini ikimwambia mteja kwamba injini yake imekwisha kwa sababu geji ilisoma 15. Mshale ukichezacheza kwa mpigo, valvu moja ina shida. Ukiwa chini na umetulia, kuna mahali panavuta hewa, au taimingi imechelewa.

Akimaliza hayo, anyooshe kifuniko cha Zenith yake, ashushe jeti hatua moja, na ajaribu mlima. Zenith ikiwa imekwisha, achukue 34 ICH au 32/34 DMTL kulingana na mfuko na mwendo wake, na manifoldi ya kiwandani abaki nayo pamoja na kichujio cha oili. Na kama ameshalipia zile 45 DCOE kwa kufuata ushauri wa safu yenu, asizitupe. Wapo wenye Escort za zamani Arusha na Nairobi wanaozitafuta, na watampa bei nzuri akiziuza zikiwa na makoo na jeti zake zote.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Fundi wa magari ya zamani,
Arusha.